Aliyetumwa Hakai: Raha Ndogo za Mji wa Ulaya katika Maandishi Yetu ya Safari

Katika Kiswahili, mtu anayekwenda kutazama miji ya watu kwa kujifurahisha huitwa mtalii. Tumelizoea neno hili kiasi kwamba hatulisikii tena. Lakini kitenzi kutalii kilitujia kutoka Kiarabu kikiwa na maana ya kusoma na kuchunguza, na kamusi za zamani zinakieleza hivyo. Yaani lugha yetu ilipotafuta jina la mtu aliye likizoni, ilimkabidhi kazi ya darasani. Si kwamba ilikosa maneno ya starehe. Tunayo tele: kutembea, kuranda, kuzurura, kupunga upepo, kubarizi. Kila mojawapo linaijua raha ya miguu isiyo na haraka, au ya kukaa mahali bila sababu ya kutosha. Ajabu yangu ni kwamba msafiri wa Afrika Mashariki akishapanda meli au ndege kuelekea Ulaya, kisha akarudi na kuandika, maneno haya huwa ameyaacha ufukweni.

Makala hii inauliza kwa nini. Niseme mapema kwamba mimi Ulaya sijafika; ninaisoma nikiwa Kampala. Sidhani kuwa hilo linaniondolea haki ya kuhakiki, kwani wasomaji wengi wa safari za Sindbadi nao hawakuwahi kupanda jahazi. Na pengine asiyefika huona jambo ambalo aliyefika halioni, kwa sababu anachokitafuta kitabuni ni kile kile ambacho mwandishi alikiona kidogo mno kukiandika.

Nianze na mfano wa raha ninayoisema, ili tusije tukabishana juu ya neno. Katika jiji la Vienna, mkahawa si mahali pa kunywa kahawa tu. Mteja huletewa kikombe chake juu ya sinia dogo la chuma, na kando yake glasi ya maji, mara nyingi kijiko kikiwa kimelazwa juu ya glasi. Magazeti hubanwa katika fremu za mbao na kutundikwa ili yeyote achukue asome. Akiisha kununua kikombe kimoja, mtu anaweza kukaa saa tatu, na mhudumu hatamwendea kumuuliza kama ana haja nyingine. Mwaka 2011 utamaduni huu uliingizwa katika orodha ya Austria ya urithi usioshikika, chini ya UNESCO. Chanzo chake kina ngano yake: eti Waturuki waliposhindwa kuuteka mji mwaka 1683 waliacha magunia ya kahawa, na mtu mmoja aliyeitwa Kolschitzky akayageuza biashara. Wanahistoria wanamtaja zaidi Mwarmenia, Johannes Diodato, aliyepata kibali cha kuuza kahawa mwaka 1685. Vyovyote iwavyo, kilichohifadhiwa katika orodha ile si kinywaji. Ni haki ya kukaa.

Mswahili wa pwani akisoma maelezo hayo hatashangaa sana. Atasema: hii si baraza? Muuza kahawa na dele lake, vikombe vinavyogonganishwa ili majirani wasikie, kashata, siasa, bao, na hakuna anayekuuliza umekaa tangu saa ngapi. Hata neno letu mkahawa limetoka katika kahawa, jambo ambalo Mjerumani na Mfaransa nao wamelifanya katika lugha zao. Sisi wa Uganda tuna mzaha wetu wa ziada hapo: robusta ni mti wa asili wa nchi hii, mnunuzi wetu mkubwa wa kahawa ni Italia, na nyumbani kwetu wengi tunakunywa chai. Kwa hiyo raha hiyo si ngeni kwetu hata kidogo. Ni ya jirani, na nusu ya viungo vyake vimetoka shambani kwetu. Ndiyo maana kutokuwepo kwake katika vitabu vya safari kunahitaji maelezo.

Kitabu cha kwanza ninachotaka kukitazama hakikuandikwa kwa Kiswahili bali kwa Kiganda, na wengi wetu tunakijua kwa tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1904. Ni cha Ham Mukasa, aliyekwenda Uingereza mwaka 1902 akiwa katibu wa Katikiro Apolo Kagwa. Walikuwa wamealikwa kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Kutawazwa kulipangwa kuwa tarehe 26 Juni. Siku mbili kabla, mfalme akapasuliwa tumbo, na sherehe ikasogezwa hadi tarehe 9 Agosti.

Ninaomba msomaji azingatie nafasi hiyo. Siku arobaini na nne. Wageni wametoka Mengo hadi London kwa sababu moja tu, na sababu hiyo imelala kitandani inauguzwa. Kwa msafiri wa leo mwenye fedha zake, hiyo ingekuwa zawadi: mji mkubwa, majira ya joto, jioni ndefu za kaskazini, na hakuna kazi. Wenyeji hawakuiacha nafasi hiyo ibaki tupu. Waliwatembeza, wakawaonyesha hiki na kile, na Ham Mukasa akaandika kila alichoonyeshwa, akikilinganisha na mambo ya Buganda ili msomaji wa nyumbani apate kipimo. Mlinganisho huo mara nyingi hutajwa darasani kama dalili ya mshangao wa mtu wa kale mbele ya mashine. Mimi naona ni kazi ya mkalimani. Mtu anayeshangaa tu hana haja ya kupima, hupiga kelele. Anayepima ana mtu nyuma yake atakayemuuliza: ilikuwa kubwa kiasi gani?

Hapo ndipo ninapoona jibu la kwanza. Mwandishi huyu ametumwa. Nauli si yake, macho si yake peke yake. Aliyetumwa sokoni akirudi hasimulii upepo ulivyokuwa ukivuma njiani. Anatoa vitu kapuni, kimoja kimoja, na kurudisha chenji.

Miaka ishirini na tisa baadaye, mwaka 1931, kundi jingine lilikwenda London. Bunge la Uingereza lilikuwa limeunda kamati ya pamoja ya kuchunguza suala la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika, na mashahidi Waafrika wakaitwa. Kutoka Uganda alikuwamo Serwano Kulubya, mweka hazina wa Buganda. Kutoka Tanganyika alikuwamo Martin Kayamba, karani mkuu wa Tanga, mtu wa Bonde aliyesoma Kiungani. Mwaka uliofuata Kayamba alichapisha kitabu chake kwa Kiswahili: Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza.

Nimekaa na kichwa hiki muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nafsi yake ni ya wingi, ingawa mwandishi ni mmoja. Vitenzi vyake ni viwili, kuona na kufanya, na vyote viko katika wakati uliopita uliokwisha kabisa, kama vitenzi vya ripoti. Hakuna tulivyokaa. Hakuna tulivyokula, wala tulivyochoka. Na kiambishi -vyo- kinaahidi namna, yaani vile mambo yalivyokuwa, si yale yaliyompendeza aliyeyaona. Kichwa cha namna hiyo kinafaa kabisa kwa mtu aliyekwenda kutoa ushahidi. Shahidi haulizwi kama alifurahia kiti. Kayamba alikuwa karani hodari, na mwaka 1922 alikuwa ameanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali huko Tanga. Alijua uzito wa kuonekana ana akili timamu, saa kamili na kola safi. Katika chumba ambamo watu wanaamua kama nchi yako iunganishwe na ya walowezi, kuandika kwamba ulipenda kuketi bustanini jioni ni kumpa adui neno.

Kwa hiyo siwalaumu. Lakini najiuliza Kulubya alikunywa nini jioni ile baada ya kutoka mbele ya kamati. Alivua viatu? Walizungumza lugha gani wao kwa wao, Mganda, Mbondei, Mhaya na Msukuma, katika mji ambao kila mtu alikuwa mgeni? Ninahisi ilikuwa Kiswahili au Kiingereza, na ninahisi kulikuwa na kicheko. Historia ya muungano uliokataliwa tunayo. Ya jioni ile hatuna.

Mfano wa Salim bin Abakari ni tofauti kidogo, nami nitaupitia haraka. Huyu alikuwa Mngazija aliyekuwa mtumishi wa Mjerumani Bumiller, na mwaka 1896 alifuatana naye Urusi na Siberia. Habari yake ilichapwa na Carl Velten mwaka 1901 huko Göttingen katika Safari za Wasuaheli. Msomaji aliyekusudiwa hakuwa ndugu yake wa Ngazija bali Mjerumani anayejifunza Kiswahili. Mtumishi huona mji kupitia mizigo: stesheni, hoteli, farasi, bei. Na kama alipata saa yake mwenyewe, ya kusimama dirishani bila kuitwa, alikuwa na sababu gani ya kumwambia bwana wake?

Basi hadi hapa tuna msafiri aliyetumwa na mfalme wake, aliyeitwa na bunge, na aliyeajiriwa. Watatu hao wanatosha kueleza mtindo. Havielezi, hata hivyo, kwa nini mtindo umedumu baada ya sababu zake kuondoka. Tazama picha ambazo vijana wetu hutuma wakifika Paris: mnara wa Eiffel, mkono umenyooshwa, maneno mawili chini yake, nimefika. Hiyo ni Tulivyoona na Tulivyofanya bila kitabu. Picha ile si ya mpigaji. Ni stakabadhi ya mama aliyeuza ng'ombe, ya mjomba aliyechanga nauli, ya kikundi cha WhatsApp kilichofanya harambee. Anayedaiwa hawezi kutuma picha ya kikombe cha kahawa kilichokwisha na kiti alichokalia mchana kutwa. Nyumbani watauliza: ndiyo kazi uliyoendea? Tuna methali kwa ajili hiyo hiyo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi wenyewe tunampa msafiri wetu jembe siku ya kwanza.

Nilipoyasema haya katika semina, mwenzangu mmoja alinipinga kwa ukali, na hoja yake ni nzito kuliko zangu nyingi. Alisema kudai fasihi ya raha ndogo za Ulaya ni anasa ya watu wenye pasipoti nzuri. Maelfu wamekufa maji katika Bahari ya Mediterania wakijaribu kufika huko. Utaandikaje juu ya glasi ya maji yenye kijiko? Kwa maoni yake, fasihi ya safari ya Mwafrika kwenda Ulaya lazima iwe fasihi ya njia, kama Adam Shafi anavyofanya katika Mbali na Nyumbani (2013), ambamo kijana anaondoka Unguja akiitafuta Ulaya na njia yenyewe ndiyo inayokuwa maisha.

Namheshimu mwenzangu, lakini nadhani amekigawa kitu kisichogawika. Anaweka mateso upande mmoja na raha upande wa pili, kisha anawapa maskini fungu lao la mateso na kufunga mlango. Riwaya inayonisaidia kumjibu ni By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 2001. Ni kweli imeandikwa kwa Kiingereza, lakini Gurnah ni mtoto wa Unguja, Paradise yake imekwisha kutafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi (2022), na sidhani tunahitaji kuomba ruhusa ya kumsoma kama wetu.

Saleh Omar anafika uwanja wa ndege wa Gatwick akiwa mzee wa miaka sitini na mitano, na jina lililo katika pasipoti yake si lake. Anaomba hifadhi. Anajifanya hajui Kiingereza. Hakuna msafiri mwenye haki chache kuliko huyo. Na katika begi lake amebeba nini? Kijisanduku cha udi. Si hati, si dawa: harufu. Ofisa wa uhamiaji anakifungua, anauliza, na mwisho anakichukua. Nimesoma uhakiki unaoliona tukio hilo kama mfano wa ukoloni unaoendelea kupora, na sawa, upo uporaji. Ila uporaji huo unauma kwa sababu kilichochukuliwa ni starehe. Angenyang'anywa sufuria tusingehisi vile. Gurnah anajua kwamba mtu akikimbia nyumbani hachukui cha lazima peke yake, na kwamba mwenye mamlaka huanza kwa kuamua nini si cha lazima kwako.

Kisha mwandishi anampa Saleh Omar mji mdogo wa Kiingereza kando ya bahari, na katika mji huo anampa mazoea: kuingia katika maduka ya samani na kuzunguka humo. Hanunui. Alikuwa mfanyabiashara wa samani kwao, na sasa anatembea katikati ya makochi ya watu akitazama. Hii ndiyo raha ndogo ya mji niliyokuwa nikiitafuta tangu Ham Mukasa, na nimeikuta kwa mtu aliyepaswa, kwa hesabu ya mwenzangu, kuwa wa mwisho kuwa nayo. Hailipiwi. Haipigwi picha. Haina ripoti ya kupeleka nyumbani, maana nyumbani hapana anayesubiri. Tena haifuti huzuni yake hata chembe; inakaa nayo chumba kimoja.

Kabla ya Saleh Omar alikuwapo mtu wa kweli aliyestahili ukurasa wa namna hiyo. Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar, aliondoka kwao mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara Rudolph Heinrich Ruete, akawa Emily, akaishi Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alikufa katika ajali ya tramu, akabaki na watoto watatu wadogo katika mji wa watu. Kumbukumbu alizochapisha mwaka 1886, kwa Kijerumani, zimejaa Unguja: kasri, bustani, vyakula, sikukuu, jinsi watoto walivyolelewa. Raha ndogo zimo nyingi mno, ila karibu zote ziko upande ule wa bahari. Ulaya ndipo anapoandikia. Unguja ndipo anapokaa. Kwa kuwa hakutumwa na mtu, wala hakuna aliyemsubiri alete habari, ningetarajia awe wa kwanza kutupatia mji wa Ulaya kama mahali pa kuishi na si pa kuonyeshwa. Hakufanya hivyo katika kitabu kile, na sidhani ni kwa kukosa macho. Mgeni hawezi kubarizi mahali ambapo kila anayepita anamgeukia kumtazama yeye.

Hilo linanirudisha kwenye swali ambalo wahakiki wa fasihi ya safari hawapendi kuligusa, kwa kuwa linaonekana ni la ubalozini na si la maktaba. Nani anaruhusiwa kukaa? Fomu ya viza ya Schengen ina swali la madhumuni ya safari. Utalii ni jibu mojawapo, lipo limechapwa, lakini kijana wa Kampala asiye na nyumba wala mshahara anashauriwa na kila mtu asiliguse. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukikataliwa hairudi. Hupeleka taarifa ya benki, barua ya mwaliko, mahali pa kulala, tiketi ya kurudi. Ni fomu ileile ya Kayamba kwa njia nyingine: utaona nini, utafanya nini. Kwa hiyo namna ya kuandika safari huanza kabla ya safari, na aliyeifundisha si fasihi.

Mwaka jana mwanafunzi mwenzangu alialikwa Ulaya kusoma insha yake kuhusu ushairi wa Kiswahili. Nimeona karatasi zake zote, kwa sababu tulizijaza pamoja katika duka la kuchapa karibu na chuo. Walitaka ratiba ya kila siku. Siku ya kwanza kufika, ya pili na ya tatu kongamano, ya nne kuondoka usiku. Mchana wa siku ya nne ulibaki mtupu, na alitaka ubaki hivyo. Alikuwa ameona katika ramani kwamba ukumbi uko karibu na mto, na kwamba kando ya mto kuna benchi. Kijana wa duka, ambaye amejaza fomu nyingi kuliko sisi, aliisoma ratiba, akaweka kidole pale palipo wazi na kusema hawapendi nafasi tupu, dada, wataona una mpango mwingine. Akamwambia aandike kitu. Aliandika makumbusho, na saa za kufunguliwa.

Barua ya kukataliwa ilikuja wiki tatu baadaye. Ilisema kuna shaka kama angerudi.